Tambua aina ya giaboksi yako, kisha badilisha oili ipasavyo: mwongozo kamili

Mkono wa gia wenye herufi P, R, N na D haukuambii ndani kuna giaboksi ya aina gani. Herufi hizo zipo kwenye Corolla NZE121 yenye otomatiki ya gia 4, kwenye Nissan X-Trail NT31 yenye CVT (giaboksi ya puli na mkanda, isiyo na gia za kuhesabu), kwenye Toyota Aqua yenye giaboksi ya haibridi, na kwenye Volkswagen Golf yenye klachi mbili. Ni mitambo minne tofauti, na kila mmoja una oili yake.

Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mwenye gari anaambiwa "lete ATF lita nne", yaani oili ya otomatiki ya kawaida, ATF hiyo inamiminwa kwenye CVT, na baada ya muda gari linaanza kulia na kukosa nguvu mlimani. Kisha inasemwa kwamba CVT ni mbovu. Giaboksi nyingi zinazolaumiwa hivyo zilikuwa nzima hadi siku zilipowekewa oili isiyo yake.

## Andaa vifaa hivi kwanza

- Oili sahihi lita 5. Usiinunue kabla ya kumaliza Hatua ya 3.
- Washa mpya ya boliti ya kumwagia, na gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi) kama utaishusha.
- Filta ya giaboksi, kama aina yako ina filta inayobadilishwa.
- Spana za 10, 14, 17, 19 na 24, pamoja na aleni za milimita 6 na 10.
- Jeki na stendi 4 imara. Matofali hayafai, hupasuka ghafla.
- Faneli yenye mpira mrefu, au pampu ya mkono ya kusukumia oili.
- Beseni la kukingia na chombo chenye alama za lita. Chupa tupu za lita moja zinatosha.
- Kifaa kidogo cha OBD kinachounganishwa na simu, ili usome joto la oili ya giaboksi.
- Kitambaa kisichotoa nyuzi. Uzi mmoja ukinaswa kwenye vali za haidroliki unatosha kuleta matatizo.

## Hatua ya 1: Soma kibao cha gari

Usimuulize muuzaji wala usikisie kwa mwaka wa gari. Tafuta kibao cha chuma au stika kwenye nguzo ya mlango, au kwenye ukuta wa nyuma wa injini ukifungua boneti. Utaona mstari ulioandikwa "TRANS/AXLE" au "A/TM". Namba inayofuata ndiyo jina la giaboksi yako.

Toyota. Herufi ya kwanza inasema karibu yote. K (K210, K310, K312) ni CVT. U (U340E, U341E) na A (A340) ni otomatiki ya kawaida. P (P112 ya Prius NHW20, P410 ya Prius ZVW30, P510 ya Aqua) ni haibridi. C na R (C56, R151) ni za mkono.

Nissan. RE0F ni CVT. Hiyo sifuri ndiyo ya kuangalia. RE4F au RE5R ni otomatiki ya gia 4 au 5. RS5F ni ya mkono.

Subaru. TR580 na TR690 ni CVT, inayoitwa Lineartronic. Namba zinazoanza na TZ ni otomatiki ya gia 4, na TY ni za mkono.

Piga picha kibao hicho kwa simu. Ukifika dukani, Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi), onyesha picha badala ya kusema tu "ni ya Fielder". Fielder mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na giaboksi tofauti kabisa.

## Hatua ya 2: Thibitisha kwa kuliendesha

Kibao kinaeleza gari lilivyotoka kiwandani. Kwa gari lililotumika, huenda giaboksi ilishabadilishwa, kwa hiyo endesha kidogo na uangalie mshale wa RPM, yaani wa mizunguko ya injini.

Otomatiki ya kawaida inapandisha mshale, gia inabadilika, mshale unashuka, kisha unapanda tena. Utahesabu mabadiliko 3 kwenye gia 4. Ndani yake kuna toki konveta (kiungo kinachopitisha nguvu ya injini kwa oili), seti za gia za sayari, na sahani za klachi zilizovikwa kitu mfano wa karatasi ngumu. Oili yake, ATF, imetengenezwa ili sahani hizo zishikane taratibu bila gari kushtuka.

CVT haina gia za kuhesabu. Ukikanyaga mafuta kwa kiasi kilekile, mshale hupanda na kutulia huku mwendo ukizidi kuongezeka. Ndani kuna puli mbili zinazopanuka na kubana, na kati yake mkanda wa chuma, au mnyororo kwa upande wa Subaru. Nguvu yote ya injini inapita pale chuma kinapokutana na chuma, kupitia utando mwembamba wa oili.

Elewa vizuri sehemu hiyo, maana ndiyo inayoamua kila kitu. Oili ya CVT imetengenezwa ili chuma king'ang'anie chuma bila kusagika. ATF ya kawaida haikuundwa kwa kazi hiyo. Ukiiweka, mkanda unateleza kidogo kila unapokanyaga mafuta, unachora mikwaruzo kwenye uso wa puli, na mikwaruzo hiyo nayo inauchakaza mkanda. Kumwaga ATF na kuweka oili sahihi hakufuti mikwaruzo iliyokwisha kuchorwa.

Haibridi ya Toyota hubadilisha mwendo bila mishtuko, ndiyo maana watu huiita CVT. Haina mkanda wala puli. Ina gia za sayari na mota mbili za umeme. Prius NHW20, ZVW30 na Aqua hutumia ATF WS. Hapa kosa linageuka upande wa pili: watu wananunua oili ya CVT kwa sababu ya jina.

Klachi mbili, kama DSG ya Volkswagen au Honda Fit Hybrid GP5, hubadilisha gia haraka sana, na mara nyingine hutetemeka kidogo gari likijikokota kwenye foleni. Ya mkono inayojiendesha, kama AGS ya Suzuki, hutulia kwa muda kila inapobadilisha gia. Ni giaboksi ya mkono iliyowekewa mtambo wa kukanyaga klachi kwa niaba yako, na mkono wake mara nyingi hauna P.

Umefaulu hatua hii kama kibao na tabia ya gari vinakubaliana. Visipokubaliana, ingia chini usome stika au namba iliyo kwenye giaboksi yenyewe kabla ya kununua chochote.

## Hatua ya 3: Chagua oili kwa jina, si kwa rangi

Rangi ni dawa iliyotiwa ili uvujaji uonekane. Oili mbili nyekundu zinaweza kuwa na kazi tofauti kabisa.

Toyota otomatiki za zamani hutumia Type T-IV na za baadaye WS. Mbili hizi hazichanganywi. CVT zake hutumia TC au FE. Nissan otomatiki ni Matic-D, Matic-J au Matic-S, na CVT ni NS-1, NS-2 au NS-3. Honda otomatiki ni DW-1, iliyochukua nafasi ya ATF-Z1. CVT ni HMMF kwa za zamani na HCF-2 kwa za sasa, nazo pia hazibadilishani.

Jina sahihi limo kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi limegongwa kwenye dipstiki au kwenye boliti ya kujazia. Kama ni oili ya kampuni nyingine, geuza kopo: jina la oili yako liandikwe nyuma herufi kwa herufi. Neno "universal" peke yake halitoshi.

## Hatua ya 4: Ipime oili iliyomo na uamue kama uendelee

Dondosha matone kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa imekuwa kahawia lakini bado inapitisha mwanga, imechakaa tu; endelea.

Nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake klachi au mkanda umeshateleza. Unaweza kubadilisha, ila usitarajie muujiza. Na usikubali mashine ya kusukuma oili kwa shinikizo kwenye giaboksi ya hali hiyo, maana inang'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vali. Mwaga kwa uzito wake tu, ujaze.

Ikiwa ina rangi ya waridi na povu kama maziwa, maji ya rejeta yameingia. Kwenye magari mengi, kipoozea oili cha giaboksi kimo ndani ya rejeta, na kikitoboka vitu viwili vinachanganyika. Usiliwashe tena, livutwe hadi kwa fundi.

## Hatua ya 5: Liinue gari likae sawa

Endesha dakika 10 ili oili ilegee, kisha zima na usubiri irudi kwenye uvuguvugu. Oili ya moto kabisa inaunguza ngozi.

Simama kwenye sakafu ya zege, vuta breki ya mkono, weka kabari, kisha inua pande zote 4. Kuinua mbele peke yake ndiko kunakowapa watu kipimo cha uongo: oili inakimbilia nyuma ya sampu na tundu la kupimia linadanganya. Lisukume gari kwa nguvu kabla hujaingia chini. Likicheza, shusha upange stendi upya.

Kwa haibridi, zima hadi taa ya READY izimike na uweke ufunguo mbali. Usiguse nyaya za rangi ya machungwa. Betri kuu ya Prius NHW20 ina volti zaidi ya 200.

## Hatua ya 6: Fungua pa kujazia kabla ya pa kumwagia

Boliti ya kujazia ikigoma baada ya oili kumwagwa, umebaki na gari lisiloweza kwenda popote. Kwa hiyo anza nayo. Ikishalegea, ndipo ufungue ya chini.

Kwenye Toyota nyingi zisizo na dipstiki, boliti ya chini ya sampu ina mrija wa plastiki kwa ndani. Ukifungua boliti, kinatoka kiasi kidogo na mtu anadhani imeisha. Ingiza aleni ya 6, fungua mrija, ndipo oili iliyobaki itoke.

Tahadhari kwa Subaru: chini kuna boliti ya oili ya injini, ya giaboksi na ya difu ya mbele. Difu ina oili yake nzito ya GL-5. Wapo waliomwaga difu wakidhani ni injini, kisha wakaongeza oili kwenye injini iliyokuwa imejaa. Fuatilia kila boliti imeshikana na sehemu gani kabla ya kuigusa.

Pima kilichotoka kwa chupa zako na uandike. Otomatiki ya gia 4 ya Corolla au Vitz hutoa takribani lita 3. CVT nyingi hutoa lita 3 hadi 4.5. Si oili yote hiyo. Iliyo ndani ya toki konveta na mirija inabaki.

## Hatua ya 7: Shusha sampu, ukiweza

Ndani utakuta sumaku. Tope laini jeusi juu yake ni uchakavu wa kawaida. Futa urudishe sumaku mahali pake. Vipande vinavyoonekana kwa macho au nyuzi za chuma zinazochoma kidole maana yake kuna kitu kinavunjika, na oili mpya haitakizuia.

Badilisha filta na gasketi, safisha uso, kisha kaza boliti kwa kupishana kama msalaba. Boliti hizi ni ndogo. Kwenye Toyota nyingi zinahitaji Nm 7 hadi 8 tu, yaani nguvu ya kiganja bila kuning'inia kwenye spana. Ukikaza kupita hapo, sampu inapinda au meno ya alumini yanaliwa, na uvujaji unaanza hapohapo.

## Hatua ya 8: Jaza kiasi kilekile

Rudisha mrija wa ndani kama uliufungua, kisha funga boliti ya kumwagia kwa washa mpya. Rudisha kiasi ulichoandika, hata kama ulikuta imepungua. Kurekebisha ni Hatua ya 9.

Kwa mguu kwenye breki, washa injini na upitishe mkono P, R, N, D na kurudi, ukikaa sekunde 5 kila mahali. Hii inajaza mirija na klachi.

## Hatua ya 9: Pima kwa joto sahihi

Hapa ndipo kazi nzuri huharibika, kwa hiyo usikimbie. Oili hutanuka ikipata joto, na kipimo cha baridi si cha moto.

Zenye dipstiki. Toyota hupimwa injini ikiwa inawaka, mkono kwenye P, baada ya kuendesha hadi oili ifike takribani nyuzi 70 hadi 80. Soma kati ya alama za HOT. Alama za COOL ni za makadirio tu. Honda ni kinyume: pasha moto, zima, kisha pima ndani ya dakika moja hadi moja na nusu. Dipstiki ya CVT za Nissan huwa na kifungio. Ibonyeze itoke, usiivute kwa nguvu.

Zisizo na dipstiki. Gari likiwa sawa na injini inawaka, subiri OBD isome kati ya nyuzi 35 na 45, kisha fungua boliti ya kupimia (kwenye Toyota za Hatua ya 6 ni ileile ya chini, mrija ukibaki ndani). Kitabu cha gari lako kikitaja nyuzi nyingine, fuata hizo.

- Isipotoka kitu, ongeza kidogo kidogo kutoka juu hadi ianze kutoka.
- Ikitoka kwa nguvu, iache hadi ipungue kuwa uzi mwembamba.
- Ikidondoka tone baada ya tone, funga. Hapo ndipo penyewe.

Fanya haraka, maana injini inaendelea kupasha oili. Ikishafika nyuzi 60, zima, iache ipoe, uanze upya. Ukipimia moto mno, utamwaga oili inayohitajika.

Haibridi za Toyota na giaboksi za mkono. Ni rahisi: gari likiwa sawa na injini imezimwa, jaza hadi oili ifike ukingo wa tundu la kujazia. Prius NHW20 huchukua takribani lita 3.8.

Ikipungua, pampu inanyonya hewa: utaweka D na gari litachelewa kuondoka, au litateleza kwenye kona na mlima. Ikizidi, vitu vinavyozunguka huipiga hadi ikawa povu, na povu halibebi shinikizo. Dalili zinafanana, ndiyo maana kuongeza bila kupima kunazidisha tatizo.

## Hatua ya 10: Jaribu barabarani

Endesha kilomita 10 hadi 20 bila kukanyaga sana. Umefaulu ikiwa D na R zinashika ndani ya sekunde moja au mbili, gia zinabadilika bila kushtuka, na kwenye CVT hakuna mlio wa juu unaofuata mwendo. Rudi nyumbani, weka karatasi chini ya sampu usiku kucha, na asubuhi ikague.

Kwa otomatiki yenye jumla ya lita 6.5 ambayo inatoa lita 3 tu, mara ya kwanza umeweka oili mpya kwa asilimia 46. Ukirudia mara ya pili inafika 71, na ya tatu 84. Kama oili ilikuwa mbaya sana, au kama ATF iliwekwa kwenye CVT, rudia mara tatu, ukiendesha kilomita 20 au zaidi kila baada ya mara moja ili ichanganyike. Gharama inauma, lakini giaboksi ya mtumba inauma zaidi, na huijui historia yake.

## Kwa giaboksi za mkono

Kazi ni ileile kwa ufupi: fungua juu, mwaga chini, jaza hadi ukingoni. Toyota C50 na C56 huchukua takribani lita 1.9. Kinachoharibu ni kuweka GL-5 ya difu pale panapotakiwa GL-4. Dawa zilizomo kwenye GL-5 nyingi hula pete za shaba zinazolainisha uingiaji wa gia, na baada ya muda gia ya pili inaanza kukwaruza hata klachi ikiwa nzima. Kama gia zinagoma kuingia tangu mwanzo, kagua kwanza klachi na oili yake.

## Kwa klachi mbili

Peleka kwa fundi mwenye mashine ya kusoma gari. DSG ya gia 6 yenye klachi za ndani ya oili (DQ250) inataka oili na filta kila kilomita 60,000, na kipimo chake hufanywa kwa joto linalosomwa na mashine. DQ200 ya gia 7 ina klachi kavu, na mtambo wake wa kubadilishia gia una oili yake ya pembeni. Mtetemo wake mwingi hautokani na oili, hivyo kubadilisha oili kwa kubahatisha kutakula pesa bila kuuondoa.

## Mara ngapi?

Kwa foleni za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala na joto la mchana, badilisha CVT kila kilomita 40,000, na otomatiki ya kawaida kati ya 40,000 na 60,000. Maneno "oili ya maisha" yasikudanganye, hasa kwenye gari lililokwisha tembea miaka mingi Japani kabla ya kukufikia. Andika tarehe, kilomita na jina la oili kwenye karatasi, uibandike chini ya boneti. Baada ya kilomita 1,000 pima tena kiwango kwa joto lilelile.